Maziwa ya Jana

Nakumbuka siku niliyorudi kambini kwetu Nakivale, Uganda, kutoka mji wa Mbarara na kitabu cha rangi kwapani, najiona tajiri kabla ya utajiri wenyewe. Mwanangu, kabla hujanunua hisa kwa simu yako hiyo, keti kwanza nikueleze.

Kitabu kile kilikuwa ripoti ya mwaka ya kampuni moja ya usafirishaji. Faida yake ilikuwa imeongezeka maradufu, na picha za malori meupe zilinitoa udenda. Nilikuwa nimeuza mtamba pekee aliyeniachia marehemu baba, na fedha ile ndiyo ilikuwa mahari ya mama yako. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: ninunue hisa, zipande bei, nioe kwa kishindo. Kesho yake ningerudi mjini kwa wakala kulipa. Ujana nao!

Baba mkubwa Rubeni, aliyenilea, alichunga ng'ombe tangu milima ya Kivu Kusini. Kiingereza hakukijua hata cha salamu. Nilimsomea ile faida kwa majivuno, naye akauliza taratibu kwa Kiswahili chake cha Kongo, "Hiyo faida, balikamulia wapi?"

Nikacheka, nikamwambia kampuni si ng'ombe.

"Umesahau ngombe ya Rugaaga?"

Kicheko kikanikauka. Mwaka uliotangulia alinituma sokoni Rugaaga kumnunulia ng'ombe, nikachagua mwenye kiwele kilichokaribia kupasuka. Kumbe muuzaji hakumkamua tangu jana yake ili kiwele kijae. Siku ya pili nyumbani alitoa kikombe kimoja tu.

"Ile ilikuwa maziwa ya jana, mutoto yangu. Angalia kama hii nayo haiko maziwa ya jana."

Nilikasirika, sikufichi. Hata hivyo nilifungua kurasa za nyuma, zile za herufi ndogo nilizoziruka. Kampuni ilikuwa imeuza jengo lake la Kamukuzi, pale Mbarara! Ukiondoa fedha ya jengo, malori yalikuwa yanaleta hasara, na madeni yaliwafika shingoni.

Nilipomsomea hayo, mzee akatikisa kichwa. "Sasa mwaka kesho batauzisha nini?"

Niliona aibu, kisha nikafurahi, maana mahari ilikuwa bado mfukoni. Nilioa. Kilichobaki, kidogo tu, nilikiweka katika kampuni isiyo na picha nzuri, iliyokuwa imepata faida miaka mitano mfululizo kwa kazi yake ileile. Gawio lake ndilo lililokununulia sare za shule. Ile ya malori ilifunga milango baada ya miaka miwili.

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Basi usinunue jina wala tangazo. Soma ripoti za miaka kadhaa, si ya mwaka mmoja ulionona. Uliza faida imetoka kwenye kazi yenyewe au kwenye kuuza mali, deni ni kiasi gani, na mchungaji wake, yaani anayeiongoza kampuni, ni nani. Ukiridhika, tazama bei, kwani hata ng'ombe mzuri ukimlipia bei ya wawili umepata hasara. Na usipeleke mahari yote sokoni. Kuuliza si ujinga. Mimi niliokolewa na swali la mtu asiyejua kusoma.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe jicho la Baba mkubwa Rubeni, na mali yako ikamuliwe asubuhi, ikamuliwe jioni, na kesho yake iwe bado na maziwa.