Vidole Vilivyotoka Kuvuna

Jumatano nilikuwa kwenye dirisha la taaluma la chuo kimoja hapa Musoma, nikihakiki jina langu kwenye cheti herufi kwa herufi, kijana wa Bunda alipoambiwa hatafanya mtihani.

“Mfumo unaonyesha hukuingia darasani mwezi mzima,” alisema dada wa dirishani.

“Nakujaga kila siku, madam. Mashine tu ndiyo hainipendi.”

Dada akamsogezea mashine ya mahudhurio. Kijana akaweka kidole. Taa nyekundu. Akaweka kingine, nyekundu tena. Dada akamshika mkono, akaugeuzia kwenye mwanga. Ncha za vidole zilikuwa zimechanika na kusuguka, na kijana akaeleza kuwa likizo yote alikuwa akivuna pamba kwao.

Nilidhani atamwambia aende kwa mkuu wa idara. Badala yake akageukia kompyuta, akawapanga wote waliozuiwa mtihani kwa maeneo wanakotoka. Akainuka kitini.

“Jamani, njooni muone. Karibu wote ni wa vijiji vya pamba.”

Wenzake wakajazana nyuma yake. Hata mimi nilijikuta nimepenya ndani, kana kwamba mtihani ni wangu. Mkuu wa taaluma akaja, akatazama, akaagiza zuio lifutwe na mahudhurio yachukuliwe kwa kuita majina.

Nimesikia wengi wakizisifu takwimu. Siku hiyo niliona mtu akiziuliza swali la pili.

Kijana alipokuwa akiondoka, alibonyeza tena ile mashine. Nyekundu.

“Naiaga tu,” akasema.