Matunguu Chini ya Mtungi wa Mama

Mama alikuwa na kopo la biskuti la kuwekea sukari, na ubavuni mwa kopo mmechorwa maua mekundu yaliyosimama kama vikombe. Alikuwaga haamini kwamba yapo kweli. Baba, ambaye ni karani bandarini, alimwahidi kwamba iko siku atamwonyesha. Mama akafa masika yaliyopita, ahadi bado ahadi, akazikwa hapa hapa Mtoni, mbali na kule milimani tulikotoka.

Kwenye matanga nilitania watu kama kawaida yangu. Nilimwambia mzee wa kanisa kwamba sauti yake ya kuimba ingefaa kufukuzia nyani shambani. Waombolezaji wakanitazama, wakasema huyu mtoto moyo wake jiwe. Labda. Nilikuwa nasubiri kilio kije. Hakikuja, nikala wali.

Baadaye mke wa bwana mkubwa wa kazini, Mwingereza, akampa baba matunguu ya maua yale yale ya kwenye kopo. Yanaitwa tulipu. Baba akaamua lazima yachanue siku ya kusimika msalaba kaburini. Tatizo, yule Mwingereza alimwonya kwamba tulipu halichanui mpaka kwanza lilale kwenye baridi. Baridi, Mtoni, ambako hata mjusi anatafuta kivuli. Nikamshauri baba ayapeleke kwa babu mlimani, ambako asubuhi mtu hutoa moshi mdomoni bila sigara.

"Yatachanua huko," baba akasema, "na mama yako yuko hapa."

Tukaanza kuitafuta baridi hapa hapa Mtoni.

Mahali penye ubaridi kwetu ni pamoja tu, uani chini ya mtungi. Mama aliuketisha mtungi kwenye mchanga, nao ukawa unatoka jasho mchana kutwa, mchanga ukawa mbichi na baridi. Tangu afe ulikuwa mkavu; sie tulikunywa maji ya ndoo. Baba akayafukia matunguu humo mchangani, akaniambia kazi yangu ni moja, mtungi usikauke.

Basi nikawa napanga foleni bombani na wasichana, mvulana peke yangu, debe kichwani. Wenzangu wa darasani wakaniita mwali, wakauliza mahari yangu. Nikawajibu kwamba hawaniwezi, wawatume baba zao. Walicheka sana. Mie nilijaza mtungi, nikarudi tena.

Bi mkubwa mwenye duka la jirani, Mwarabu, rafiki wa mama, akatukuta siku moja tumeinama tunachungulia mchanga. Nikamwamkia shikamoo. Akasema vitunguu kivulini vitaoza, na kama tunataka cha kupanda kaburini, kwao hupandwa mrehani, hauna makuu, unashika upesi. Baba akamshukuru kwa adabu zote. Mrehani hakuutaka.

Yakaoza kweli, moja baada ya jingine, yakanuka. Moja tu likatoa jani pana la kijani kilichofifia, kisha jani jingine. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini baba aliyapanua majani kwa kidole, akitafuta ua ndani. Hakukuta kitu. Siku ya msalaba ikafika hivyo hivyo.

Akaling'oa na mchanga wake, akamwaga sukari kwenye bakuli, akalitia ndani ya kopo la mama, tukaenda nalo makaburini. Maua ya siku ile yalikuwa yale ya ubavuni mwa kopo tu. Alipolifukia chini ya msalaba, yule mzee wa nyani akaninong'oneza, hicho kitunguu gani.

"Cha Ulaya," nikasema. "Kinangoja baridi."

Hakucheka. Hata mie sikucheka.

Tuliporudi na wageni, Bi mkubwa alikuwa amebaki nyumbani tangu asubuhi. Alikuwa ameumwaga mtungi, akaufukiza kwa ubani kama yeye mwenyewe alivyomfundisha mama zamani, akaujaza upya. Baba akateka kata moja, akanywa, akasimama nayo mkononi.

"Haya ni maji ya mamako," akaniambia.

Hapo akalia, mbele za watu wote. Bi mkubwa akampokea kata, akaijaza, akanipa. Nikanywa. Yalikuwa baridi, yananukia ubani. Nikasubiri kidogo, nione kama kilio nacho kinakuja.

Kesho yake chini ya mtungi hapakuwa na kitu cha kulinda tena, na baba hakunituma. Nikabeba debe. Bombani wasichana wakanisogezea nafasi yangu, wakaendelea na umbea wao.