Partida ya Koya Delfin

Kaka yangu Delfin ni kinyozi hapa mjini Guagua, Ufilipino. Kwa miaka thelathini alikuwa akifunga kibanda chake saa tisa alasiri, anavuka barabara, anakuja kwangu kucheza pool. Nina meza mbili chini ya paa la bati, na jiko nyuma yake. Nusu ya wateja walikuja kucheza, nusu walikuja kumsikiliza yeye, maana mdomo wake haukuwa na breki. Sisi kaka mkubwa tunamwita Koya, na yeye hata waliomzidi umri walimwita hivyo hivyo.

Mkewe alipofariki, meza ndiyo iliyomshikilia. Nyumbani alikuwa hali, kanisani alikuwa halii, lakini akishika fimbo angalau alicheka. Kwa hiyo walipokuja watu wa timu ya mkoa wakamwambia ana kipaji, ajiunge nao afanye mazoezi ya maana, nilifurahi kuliko yeye. Ningejua, ningewafukuza kwa mwiko.

Ikapita miezi saba. Kaka akanunua fimbo ya vipande viwili inayolala kwenye mkoba wake, na glavu ya vidole vitatu. Akaanzisha daftari la kila mtu anayecheza naye: anakosa wapi, anatetemeka lini. Ngozi ya nguruwe ninayokaanga akaikataa, eti mafuta yanaharibu vidole. Mtu akicheka meza ya pili, kaka anamgeuzia shingo polepole mpaka kicheko kife.

"Koya, kucheza na wewe siku hizi ni kama kufanya mtihani wa serikali," Temyong muuza mboga alimwambia. Hakurudi tena wiki hiyo.

Alishinda sana, hilo sikatai. Ila meno yake hatukuyaona.

Siku moja kabla ya sikukuu ya mtakatifu wetu, alinifuata jikoni.

"Nati, kesho nacheza mashindano ya sikukuu, halafu basi."

"Basi nini?"

"Fimbo nauza. Mwoka mikate ameshaiulizia. Nashinda, lakini sisikii kitu. Kesho nisiposikia kitu, sichezi tena."

"Na saa tisa utafanya nini?"

"Nitalala."

Niliogopa. Mjane wa miaka hamsini na minane anayelala saa tisa mchana haamki siku nyingi. Sikumwambia, nilikatakata vitunguu tu, na nashukuru vilikuwa vitunguu.

Sasa, kwetu mechi haianzi kwa kupiga mpira. Inaanza kwa partida. Tunacheza mipira tisa kwa kufuata namba, na kawaida anayetumbukiza wa tisa ndiye mshindi. Lakini mwenye nguvu lazima ampunguzie mnyonge: akimpa partida ya nane, basi mnyonge akitumbukiza wa nane naye ameshinda. Nani mwenye nguvu? Hapo ndipo watu wanapogombana nusu saa nzima. Kila mtu anajisingizia maradhi, kila mtu anamsifia mwenzake mpaka aibu, na uongo wa siku hiyo padri hahesabu. Ukisikiliza vizuri huo uongo, unamjua mtu kabla hajapiga.

Kaka alipangiwa na Dara Meding. Dara kwetu maana yake shangazi, na huyu ni mama wa miaka sitini na minane aliyehamia kwa binti yake mwezi uliopita. Alikuja na kandambili na feni ya mkononi.

"Mwanangu Delfin," akaanza, "macho yangu haya! Jana nimesalimia nguzo ya umeme nikidhani ni padri."

Watu wakacheka, wakasogea. Wakasubiri kaka amjibu, amuulize ametokea wapi, mbona vidole vyake havina mtetemo. Kaka akafungua daftari. Jina la Meding halikuwemo. Akalifunga.

"Nakupa saba na nane, Dara. Tucheze."

Yaani mama akitumbukiza wa saba, wa nane au wa tisa, ameshinda. Hapa mtu hapewi hivyo bila kuomba, labda awe na miaka kumi.

"Koya, jadiliana naye kwanza!" nilipiga kelele kutoka jikoni.

"Maneno ni kupoteza muda, Nati."

Wa kwanza kushinda michezo mitano ndiye anayesonga mbele. Dara Meding akaweka feni chini, akainama. Alipoinama tu nikajua kaka ameingia mkenge. Kiwiko hakikutikisika. Mpira mweupe ulikuwa unasimama pale anapotaka yeye. Mchezo wa kwanza akaumaliza kwa wa saba. Wa pili, kwa wa saba. Wa tatu akamwachia kaka apige mara moja, kwa heshima, kisha akaumaliza kwa wa nane.

"Dara," kaka akauliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "zamani ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Mimi? Nilikuwa na ukumbi wa pool kule mjini Olongapo, mwanangu. Miaka ishirini na sita. Hukuuliza."

Kaka akamtazama. Akatazama daftari. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, nikaacha mafuta jikoni nikakimbilia mlangoni.

Alikuwa anacheka. Anacheka mpaka kashika ukingo wa meza.

"Jamani nimeibiwa mchana kweupe!" akapaza sauti. "Na kikongwe! Asiyeona nguzo!"

"Nguzo siioni," Dara akasema. "Mpira naona."

Kaka akavua glavu, akamtupia Temyong. Msidhani alianza kucheza ovyo. Sijawahi kumwona kaka akicheza kwa makini kama alasiri ile. Alizunguka meza mara tatu kabla ya kila pigo, akaficha mpira mweupe nyuma ya mingine ili mama asione njia, na huku anaongea: anamwomba Dara apumzike, anamuuliza kama amekunywa dawa ya presha. Dara naye hamwachii. Moja kwa tatu. Mbili kwa tatu. Wakafika nne kwa nne, watu wamepanda juu ya viti vyangu vya plastiki na mimi sisemi kitu.

Mchezo wa mwisho kaka alibakiza mitatu tu, wa saba, wa nane na wa tisa. Akaukosa wa saba kwa unene wa kucha. Dara akautumbukiza bila haraka, akachukua feni yake.

Kaka alishindwa. Mwoka mikate akasogea na kugusa mkoba wa fimbo.

"Toa mkono hapo," kaka akamwambia. "Siuzi."

Roho ikanitua. Nilikaa kwenye gunia la mchele na kujifuta uso kwa aproni, na safari hii hapakuwa na kitunguu.

Nilipoinuka, kaka alikuwa amemvutia Dara Meding kiti, sahani ya ngozi ya nguruwe katikati yao, na vidole vyake vinang'aa mafuta.

"Kesho unipe wa nane, Dara. Goti langu bovu, usiku silali, na jicho la kushoto lina ukungu."

Goti lake zima, analala kama gogo, na macho yake yanaona chawa kichwani mwa mteja. Kaka yangu alikuwa anadanganya kwa mara ya kwanza baada ya miezi saba, nami nikamshukuru Mungu.