Siku Nilipompima Mkono Mzee wa Mbuzi

"Unamjua huyo uliyemshika kichwa?"

Hilo ndilo swali shangazi yangu Mwikali aliniuliza mbele ya wageni wote, na mimi, mwenye digrii na mdomo usiojua kupumzika, nikajibiwa na mtu mwingine. Aibu hiyo haijaniisha, lakini wacha niwasimulie mwenyewe, maana wengine wataongeza chumvi.

Ilikuwa siku ya ntheo yangu, nyumbani kwetu Kathonzweni. (Ntheo ni wale mbuzi wanaoletwa kwenu ijulikane umeposwa, wakirudishwa, hakuna harusi.) Nilikuwa nimeambiwa nikae chumbani hadi niitwe, ila nikasema nichungulie kidogo tu, nione kama Mutua wangu amefika, na huko kuchungulia ndiko kuliniponza, kwa sababu kando ya zizi mzee mmoja mfupi, kamba ya mbuzi mkononi, alikuwa akibishana na vijana wa kwetu kuhusu ndondi. Aliapa kwamba bondia fulani wa uzani mdogo wa fly, wa enzi za kusikiliza pambano kwa redio, angemlaza jitu lolote la uzani wa heavy la siku hizi.

"Kwa ushahidi gani, mzee?" nikauliza. (Mtu mwingine angepita kimya.)

"Kasi. Hawa wa sasa ni magunia ya mahindi. Gunia umeliona wapi likikwepa?"

"Na mkono usipofika, hiyo kasi ni ya kufukuza nzi?"

"Msichana, wewe umepigana wapi?"

"Sijapigana. Nimefikiria."

Vijana wakacheka, na mimi nikichekewa hulewa, nikamwambia basi awe fly, mimi heavy (nilimzidi kichwa kizima), nikanyoosha mkono nikamwekea kiganja kwenye paji la uso. "Sasa nipige."

Akaachilia kamba akarusha kulia, akarusha kushoto, zote zikaishia hewani, kofia ikaanguka, mbuzi wakakimbilia kunde za mwaitu, na mama yangu huyo kuona kunde zake akapiga yowe lililowatoa ndani wazee wa pande zote mbili. Wakanikuta bado nimemshika.

Ndipo shangazi akauliza. Mutua akanijibia: "Ni baba yangu."

Sikuwa nimewahi kumwona. Nilisikia tu ni mtu mkubwa huko Mombasa, na kwa kuwa Mutua ni mrefu kama mlingoti, nikahitimisha kwamba baba naye ni jitu. Mimi, ninayemdai kila mtu ushahidi.

Kwetu Wakamba mkaza mwana na baba mkwe hawagusani, hata kupeana mkono hakuna, ndiyo nthoni. Mzee mmoja wa upande wao akasema, "Mbuzi warudi kwenye gari." (Mbuzi walikuwa bado wanakula kunde.) Mutua hakuweza kuniangalia.

Baba yake akaokota kofia, akaipangusa taratibu. "Msichana hakujua," akasema. "Achinjwe mbuzi tuoshe neno hili, tuendelee."

Baba yangu akamtoa beberu aliyempenda kuliko sisi watoto wake. Akachinjwa, ntheo ikapokewa, nami nikarudishwa chumbani kama mzigo.

Tangu hapo, nikisikia wanaume wakimpiganisha bondia aliyezikwa na aliye hai, nimeapa kupita nimeinamisha kichwa. Mara nyingi nafaulu.

Tulikuwa tumeoana miaka kadhaa mama mkwe aliponiambia kwamba mzee alikuwa ameshaonyeshwa picha zangu zote. Alinijua tangu nilipofungua mdomo. Alisimama tu, akaniacha nimshike, kwa sababu alikuwa na hakika ngumi yake ingefika.