Miche ya Siala Ukingoni mwa Korongo

Upande wetu wa Sondu, miaka ya themanini, mlima ulikuwa umebaki mawe matupu. Miti yote ilikuwa imeishia kwenye makaa, na kila mvua kubwa korongo lilizidi kusogea kuelekea jikoni kwangu. Ng'ombe wa jirani alitumbukia humo akavunjika mguu. Basi sisi akina mama wa kanisa tukaanzisha kitalu, nami nikapanda ukingoni miche ya siala, mti wetu wa kujengea.

Mama mkwe alipoiona alishika kichwa. "Yawa! Mwanamke anapanda mti? Unataka kumzika mwanangu?" Kwetu mti hupandwa na mwenye boma, mke akiupanda, wanasema anamtabiria mumewe kifo. Nilicheka. Mume wangu alicheka kuliko mimi. Alikuwa mwalimu wa sayansi, jamani! Kila jioni alikunja suruali akaimwagilia maji mwenyewe, huku akimtania mama yake kwamba bado anapumua.

Kisha malaria ikamshika. Si ile ya kumeza dawa ukaamka. Hii ilimlaza mpaka macho yakawa ya manjano. Kaka zake walikuja, wakakaa naye chumbani mlango umefungwa. Mimi nikaenda soko la Kibuye kumtafutia ndimu na matunda.

Niliporudi, ukingo ulikuwa mtupu. Miche yote ilikuwa imeng'olewa, mizizi juu, inakauka juani. Nililipuka. Nikaokota mmoja nikawaendea shemeji zangu, nikawatukana ovyo, hata mama mkwe sikumwacha. Ndipo nikamwona mume wangu ameketi mlangoni, amejifunika blanketi, anatetemeka, na mikono yake imejaa udongo hadi viwikoni.

"Ni wewe?" nikamuuliza. "Wewe mwalimu mzima?"

Alinikazia macho kama mtu anayemwona mgeni, akaniuliza polepole, "Mama watoto, kweli ulitaka nife?"

Mtu niliyezaa naye, niliyemkanda usiku kucha homa ikipanda, ananiuliza hivyo mbele ya ndugu zake! Nilisimama pale nimeshika mche.

Alipona, na swali lile hakulirudia tena. Lakini tangu siku hiyo, kila nilipompelekea uji, alikuwa anasubiri nionje kwanza ndipo anywe.