Likizo Juu ya Pamba

Nilisikia hesabu kabla sijamwona anayehesabu. Ilikuwa alfajiri, Mwanza, taa bado haijawashwa, na sauti ndogo ikapenya ukutani: "Saba mara sita, arobaini na mbili. Saba mara saba..." Nikapapasa gizani hadi kitandani kwa Neema. Macho yake yalikuwa yamefumbwa. Binti yangu wa darasa la pili alikuwa akifanya mtihani usingizini.

Ilikuwa miaka ile shule za binafsi za Kiingereza zilipoanza kufunguliwa mjini, na mume wangu, Masanja, alitaka Neema aingie mojawapo. Alishamtafutia mwalimu wa tuisheni, na likizo yote ikagawanywa kwa saa kama siku ya karani. Kulipopambazuka nikamweleza niliyoyasikia, nikamwambia nawapeleka watoto kwa mama yake, kule Bariadi. Alikubali kwa sharti moja: wiki ya pili ikiisha angekuja kumchukua Neema arudi tuisheni.

Tulipoiacha barabara ya Musoma pale Lamadi, vumbi likatumeza. Daudi, mdogo wake Neema, alilala mapajani mwangu mdomo wazi. Neema alikaa wima.

"Tutafika saa ngapi?" akamuuliza kondakta.

"Iulize barabara, mdogo wangu. Mimi nakata tiketi tu."

Bariadi wakati huo ilikuwa bado ya mkoa wa Shinyanga. Nyumba ya mama mkwe ilikuwa nje kidogo ya mji, mahali mashamba yanapoanza. Tulipiga goti, tukamwamkia mama kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," naye akaitikia huku tayari ameshika begi la Neema. Akachungulia ndani.

"Na madaftari yamekuja kutembea? Basi yapande juu ya kabati, yapumzike. Safari ni ndefu."

Chumba cha kwanza, ukiingia tu mlango mkubwa, kilikuwa kimejaa pamba ya msimu ule, nyeupe, imelundikwa hadi karibu na mabati. Mayu alikuwa hajauza. "Zamani mnunuzi alikuwa mmoja, ushirika," alinieleza. "Sasa wanakuja na mizani zao kama wachumba, kila mmoja anamsema mwenzake. Nami nawatazama kwanza."

Kazi aliyowapa wajukuu ilikuwa kuishindilia pamba, ili inayotoka shambani ipate nafasi. Waoshe miguu, wapande, warukeruke. Daudi alizama hadi kifuani akacheka mpaka akapata kwikwi. Neema alisimama mlangoni.

"Bibi, turuke mpaka saa ngapi?"

"Mpaka mchoke. Ukichoka, utajua mwenyewe."

Siku za mwanzo aliuliza kila asubuhi tutafanya nini na saa ngapi, na kila asubuhi Mayu alimjibu, "Ng'ombe wakishatoka, tutaona." Ng'ombe wakatoka; tukaona. Siku nyingine tuliona michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, tukala hadi njaa ya mchana ikasahau njia. Siku nyingine tuliona majabali, watoto wakateleza juu yake mpaka kaptula ya Daudi ikatoboka. Usiku walilala palepale kwenye pamba, wakilalamika kwamba mbegu zinawachoma mgongo, wakikataa kitanda.

Kila alfajiri nilisikiliza. Mwanzoni jedwali la saba lilikuwepo, lote. Kisha likaanza kukatika katikati, kama redio inayoishiwa betri. Asubuhi moja nilisikia kengele za ng'ombe tu.

Masanja alifika Jumamosi mchana, suruali imepigwa pasi, vumbi hadi kwenye nyusi. Alipoyaona madaftari juu ya kabati, uso ukabadilika.

"Mama Neema, usaili ni Septemba. Dunia ya sasa haimsubiri mtu. Mimi niliachwa nyuma, najua ladha yake."

Hata leo sina uhakika kwamba alikosea.

Mayu ndiye aliyemjibu, akichambua pamba, iliyo safi huku, fifi yenye madoa kule. "Usimtishe mtoto, mwanangu. Wewe uliilalia pamba hii hii, ukaikojolea, ikaitwa fifi. Na bado umekuwa bwana wa ofisi."

Watoto walianguka kwa kicheko. Masanja alijikaza, akashindwa.

Jumapili alfajiri nilimkuta ameketi nje ya chumba cha pamba, sikio mlangoni, akingoja.

"Hahesabu?" akanong'ona.

"Hahesabu."

Jua lilipotoka alivua viatu, akaosha miguu, akaingia kuruka na wanawe.

Nilikwenda Bariadi nikidhani namwondolea mtoto kazi. Kumbe alifanya kazi kutwa. Ila kazi ile haikuwa na saa, wala mtu wa kuisahihisha kwa kalamu nyekundu. Kama angepita usaili, sikujua. Kulala, alikuwa amejifunza upya.

Safari ya kurudi aliianza Masanja, peke yake. Alisimama mlangoni na begi lake, nyuzi za pamba zimemganda kwenye kola.

"Utarudi lini, mama?" akamuuliza binti yake.

"Pamba ikiisha."

Akamgusa kichwa, akatoka. Upepo wa Julai ulikuwa unasukuma vumbi kuelekea ndani, na vumbi hugeuza pamba safi kuwa fifi. Neema hakungoja baba yake afike barabarani. Akauegemea mlango kwa mikono miwili, akaufunga.