Marehemu Aliyejua Habari za Mwaka Huu

Nikiifuta sauti hii, watasema marehemu amefichwa mbali zaidi. Nikiiacha, ataendelea kuimba kwenye simu za watu, na kila akiimba, mama mmoja mzee kule upande wa Choma ataendelea kutazamwa kama mchawi. Hilo ndilo lililoninyima usingizi chumbani kwangu Isevya, mjini Tabora. Nikigeukia ukutani niliona heri kufuta, nikigeukia mlangoni niliona heri kuacha. Nina shahada ya kompyuta, lakini hakuna mtihani hata mmoja ulioniuliza hivi: mtu aliyekufa akiimba wimbo mpya, nani anapaswa kwenda kuomba radhi, na amwombe nani?

Nieleze tangu mwanzo, maana mimi nikianzia katikati hupotea.

Tangu nimalize chuo ninafanya kazi kwenye duka la kurusha nyimbo na muvi. Watu wanaleta fleshi na memori kadi, sisi tunawajazia: bongo fleva, kaswida, kwaya, na zile muvi za nje ambazo mtu mmoja anatafsiri juu kwa juu, yeye huyo huyo ndiye jambazi na yeye huyo huyo ndiye bibi harusi. Sehemu kubwa ya vitu hivyo hakuna aliyeturuhusu kuvinakili. Mimi nilisoma hakimiliki, nikafaulu vizuri, kisha nikaajiriwa mahali ambapo tunaivunja kuanzia tunapofungua mlango. Nimewahi kumweleza tajiri wangu. Yeye ni Mzaramo aliyeoa Tabora akasahau njia ya kurudi Pwani, na kwa kuwa mimi ni Msukuma, sisi ni watani. Sikumbuki siku aliyonijibu jambo kwa uzito.

"Babu zenu wa huku walibeba mizigo juu ya kichwa mpaka kwetu," aliniambia. "Wewe umeona ubebe ndani ya kichwa. Tua, mtani! Utavunjika shingo."

"Na babu zako walikuwa wamelala, wanasubiri kuletewa."

"Walikuwa wanapokea wageni. Hiyo nayo ni kazi."

Lakini sikutua. Niliendelea kuwawazia hao wapagazi. Wimbo ulitoka huku Unyanyembe ukafika baharini, kila kambi ikiongeza mstari na kuacha mwingine, na sijawahi kusikia kwamba kuna aliyesimamisha msafara aulize wimbo ni wa nani. Je, walikuwa wezi? Au wizi wa wimbo ulizaliwa siku wimbo ulipoanza kuuzwa? Wakati mwingine nadhani nauliza maswali haya ili nisijisikie vibaya ninapokaa kwenye kompyuta ya dukani.

Siku moja akaja kaka mmoja, kiongozi wa kikundi cha ngoma kutoka kijiji kimoja cha Choma, wilayani Igunga. Baba yake alikuwa manju, yaani mtunzi na mwimbaji mkuu wa kikundi, aliyejulikana Igunga yote mpaka Nzega. Mzee alifariki akaacha mjane, watoto, na kanda nyingi. Kwetu, baada ya mavuno vikundi viwili vinacheza uwanja mmoja, vinatazamana, na kile kinachovuta watu wengi upande wake ndicho kilichoshinda. Kazi ya manju ni kuwasema wapinzani mpaka watu wao wenyewe wacheke na kuhama. Kaka huyu alikuwa amerithi kikundi lakini hakurithi koo. Anacheza vizuri, lakini akiimba, utadhani anaita ng'ombe kwenye upepo.

"Dada, nasikia kuna akili mnemba inaweza kumwimbisha mzee," alisema.

"Kumwimbisha nini?"

"Maneno ninayo. Nataka sauti tu iwe yake."

Nikamuuliza kama ana ruhusa. Akacheka. "Mimi mwanawe wa kwanza. Ruhusa nikaombe kwa nani, kwa jirani?"

"Na mama?"

"Mama atasikia uwanjani. Itakuwa zawadi yake."

Hapo ningeweza kusema hapana. Sikusema, kwa sababu sikuwa na hakika kama hapana yangu ilikuwa na msingi. Sheria niliyoisoma inazungumzia wimbo, na inazungumzia rekodi. Maneno yalikuwa ya mtoto. Kanda zilikuwa za familia. Sauti yenyewe, ile namna mtu anavyovuta neno, sikujua imeandikwa wapi. Programu iliniuliza kama nina haki ya kutumia sauti hii, nikabonyeza Nakubali kama ninavyobonyeza siku zote. Nikailisha kanda zote za mzee baada ya kuzisafisha makelele. Ilipoimba mara ya kwanza, nywele zilinisimama, na nilijivunia sana.

Wimbo ulimtania mpinzani mmoja aliyenunua toyo mpya, pikipiki ya magurudumu matatu, ikazama kwenye tope la mpunga. Kisha, kama manju wote wafanyavyo, ukasifia watu wa nyumbani, na miongoni mwao mjukuu wa kike aliyezaliwa masika haya. Mstari huo wa mjukuu ndio ulioleta balaa.

Kikundi kilishinda. Wimbo ukatoka simu hadi simu, na kaka hakumweleza mtu ulivyotengenezwa, maana siri ya ushindi haitangazwi. Mitandaoni watu wanaona video za uongo kila siku. Wanabishana kwenye maoni, kisha wanahamia nyingine. Kule kijijini walifanya kitu ambacho sijaona mitandaoni: walifikiri. Rekodi wanazijua. Kanda za mzee wanazo miaka mingi. Rekodi inajua tu kile ambacho mwimbaji alikijua siku aliyorekodi. Sasa hii inamjua mtoto aliyezaliwa masika haya. Basi mwenye sauti alikuwepo masika haya. Basi hakufa. Na kama hakufa na haonekani, amechukuliwa msukule: kuna mtu amemficha kwa dawa, anamfanyisha kazi, na sasa anamwimbisha mashindano. Nilitafuta mahali ambapo hoja hiyo inakatika, nikaona inakatika mahali pamoja tu, penye mashine yangu, ambayo wao hawakuwa wameiona.

Halafu walijiuliza nani anafaidika. Wangeweza kumtaja yule kaka. Wakamtaja mama yake, kwa sababu ni mzee, ni mjane, na anaishi peke yake kando ya shamba. Mtu yeyote aliyekulia kwetu anajua maneno ya namna hiyo yanaweza kuishia wapi.

"Dada, karanga za mama hazinunuliwi," kaka alinipigia. "Wanawake wanasubiri atoke kisimani ndipo wachote. Na kuna mtu amemuuliza mbele za watu, mzee unamlisha nini?"

"Umewaambia ni mashine?"

"Nimewaambia. Wakaniuliza, hiyo mashine nayo inakula nini?"

"Ukasemaje?"

"Nikaondoka."

Afadhali aliondoka, maana jibu la kweli lilikuwa baya zaidi. Inakula sauti. Inakula kanda za marehemu.

Niliandika maelezo marefu ya kusambaza kwa simu. Nikayasoma, nikaona ni maneno ya namba isiyojulikana yanayomkana mtu ambaye sauti yake wanaisikia kwa masikio yao. Nikayafuta. Nikaandika mengine mafupi, yakanuka uongo zaidi. Mwishowe nikaomba namba ya mama mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndiwe wa mashine?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona mzee wangu hakohoi?"

Kikohozi kilikuwa kwenye kila kanda, kati ya ubeti na ubeti, nami nilikiondoa pamoja na makelele mengine.

"Mimi nilijua si yeye," aliendelea. "Hakuwahi kumaliza ubeti salama. Lakini nimeusikiliza. Nimeusikiliza sana."

"Mama, niufute?"

"Ukifuta ndio watanimaliza. Watasema nimemhamisha. Wewe njoo."

"Nije nifanye nini?"

"Hujui?"

"Sijui, mama."

"Na mimi sijui. Njoo tusijue wote."

Niliogopa kwenda. Niliona wazi kwamba nikitokea pale na kompyuta mkononi, mchawi atakuwa amepatikana na atakuwa mimi. Kisha nikaona kwamba huenda hilo ndilo lingekuwa la haki, nikaogopa zaidi. Nikamweleza tajiri, nikitarajia mzaha, na mzaha nikaupata.

"Kwa hiyo mmeninyang'anya kazi yangu," alisema. "Anayemwigiza marehemu ni mtani. Nani alikuajiri wewe?"

Desturi yenyewe naijua. Tulipomzika babu, mtani wetu mmoja alivaa koti lake, akainama kama yeye, akaanza kumfokea bibi kwamba ugali umechelewa. Bibi alicheka mpaka akalia. Tulimpa mtani chake akalivua koti. Hakuna aliyedhani babu amerudi.

"Kwa nini hawakudhani?" nilimuuliza tajiri.

"Si walikuwa wanaona miguu ya mtu mwingine? Wewe umepeleka sauti haina mtu. Sauti haina mtu ni jini, mtani. Hata mimi ningekimbia."

"Redio je? Sauti ya redioni ina mtu?"

"Redioni mtangazaji anajitaja jina," alisema, akageuka kumhudumia mteja.

Sikuridhika. Mpaka leo naweza kuibomoa hoja hiyo kwa njia kadhaa. Mambo ya matanga si sheria ya nchi, na utani wa makabila haukutungwa kwa ajili ya kompyuta. Lakini kati ya yote niliyosoma na kusikia, ni hilo tu lililoniambia niende na miguu yangu. Nikamwomba tajiri afuatane nami. Akakubali, akisema anakwenda kula wali wa Igunga kwa gharama za Wasukuma.

Tulikwenda siku ya mnada, yaani gulio la kijijini kwao. Kikundi kilitufungia spika pembeni ya wauza nguo. Nikashika kipaza sauti, nikasema nimetoka Tabora, kwetu ni Nzega, nikataja ukoo wangu, nikasema ule wimbo nimeutengeneza mimi kwa mashine hii.

"Mzee yuko wapi?" mwanamke mmoja aliuliza.

"Yuko mlipomzika."

"Na huyo aliyemo humo?"

Nilianza kueleza. Nilisema maneno mengi na yote yalikuwa sahihi, na kadiri nilivyoyasema nyuso zilizidi kufungwa. Tajiri akanipokonya kipaza sauti. Akaimba mstari mmoja wa Kisukuma, vibaya kama ambavyo Mzaramo pekee anaweza kuuimba. Tukasubiri mashine ikiuchakata. Kisha spika zikautoa mstari ule ule, na makosa yale yale, kwa sauti ya marehemu.

Kutoka upande wa wauza vitunguu mtu akapiga kelele: "Kafa Msukuma, kaamka Mzaramo!"

"Laana gani hiyo!" mwingine akadakia, na kicheko kikasambaa. Tajiri akaanza kuwadai chakula, haki ya mtani.

Si wote waliocheka. Mwanamume mmoja alisogea karibu yangu, akaniambia kwa upole kwamba kuonyesha dawa inavyofanya kazi si sawa na kuonyesha kwamba si dawa. Kisha akaenda kwa ng'ombe wake. Maneno hayo ninayo hadi leo.

Ndipo mama akaja mbele, akanyoosha mkono apewe kipaza sauti. Akasema taratibu, na baada ya kitambo spika zikasema kwa sauti ya mumewe: "Ninyi mliokataa karanga za mke wangu, msimu ujao mtatafuna mawe." Watu wakacheka kuliko mwanzo. Yule aliyeuliza mzee yuko wapi alishika kichwa, akasema, "Mayu, mama yetu, tusamehe," na sikujua kama anamwomba mama au spika. Mama mwenyewe hakucheka. Alisimama akisikiliza maneno yake yakitoka kwa mzee wake, na uso wake sikuweza kuusoma.

Nikamuuliza yeye, si mwanawe, "Mama, nifanyeje?"

"Zile alizoimba mwenyewe ziache. Hii isipate tena la kusema."

"Mama, na mashindano?" kaka alilalamika.

"Utaimba wewe. Koo huna?"

Nilitaka kumweleza kwamba wimbo umeshaenea na sina uwezo wa kuurudisha, kwamba sijui kama kisheria ruhusa ni yake au ya watoto wote, kwamba huenda kesho akaikumbuka sauti ile akanilaumu. Kichwani yote hayo yalikuwa tayari. Nikageuza kompyuta ili waliokuwa mbele waone, nikasema kwa kipaza sauti kwamba ninaifuta sauti ya mashine, nikaifuta mbele yao.

Kisha tukaomba meza kwa muuza nguo, tukakaa mimi na tajiri mpaka mnada ulipovunjika. Aliyetaka, tulimfutia ule wimbo na kumrushia zile za kwenye kanda. Wengine walikataa, wakasema ni mzuri mno. Hao sikuwalazimisha. Niliwarushia za mzee pia, na kabla ya kumrudishia kila mmoja simu yake nilimwambia, kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani yake, kwamba ule mmoja ni wa mashine na nimeutengeneza mimi.